Sumaku ya tesla 7 na wagonjwa wa kifafa

Ndugu Mhariri,

Tangu watafiti wa kituo cha Saclay, Ufaransa, watoe mwaka 2024 picha za kwanza za ubongo wa binadamu zilizopigwa kwa mashine ya MRI (inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio) ya tesla 11.7, tesla ikiwa ni kipimo cha nguvu ya sumaku, nimeulizwa mara kadhaa na ndugu wa wagonjwa wa kifafa kama ipo njia ya kuwafikisha wagonjwa wao huko. Mashine hiyo, ambayo sumaku yake ina uzito wa tani 132, ni ya utafiti tu. Iliyokwisha kuingia katika tiba ni ya tesla 7, iliyoruhusiwa Ulaya na Marekani mwaka 2017, ilhali mashine nyingi za hospitalini ni za tesla 1.5 au 3.

Kwa mgonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo na kuacha madoa, tesla 7 huonyesha wazi zaidi kijimshipa cha vena kinachopita katikati ya doa, alama inayosaidia kutenganisha ugonjwa huo na madoa yanayoletwa na shinikizo la damu au kipandauso. Katika Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na mwendo mzito, umbo kama mkia wa mbayuwayu linaloonekana ndani ya shina la ubongo wenye afya hutoweka. Lakini ugonjwa huo daktari mzoefu huutambua mara nyingi kwa kumtazama mgonjwa anavyotembea, kwa hiyo hapo sioni sababu ya mtu kusafiri.

Kwenye kifafa hali ni nyingine. Takribani theluthi moja ya wagonjwa hawatulii kwa dawa, na baadhi yao wana hitilafu ndogo katika gamba la ubongo ambayo daktari wa upasuaji anaweza kuiondoa, mradi ionekane. Wengi hudhani kwamba sumaku ikiongezwa nguvu picha yote hung'aa. La hasha. Kadiri nguvu inavyopanda, mawimbi ya redio yanayotumiwa kupiga picha (si mionzi kama ya eksirei, ingawa wengi hudhani hivyo) huwa mafupi kuliko upana wa kichwa, yakaacha viwingu vyeusi, hasa kwenye sehemu za ubongo zilizo karibu na masikio, ambako ndiko vifafa vingi vya watu wazima huanzia. Watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitumia virusha mawimbi 8 kuzunguka kichwa badala ya kimoja, na katika ripoti yao ya mwaka 2025 kuhusu wagonjwa 31 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa, walipata kwa 9 hitilafu ambazo hazikuwa zimeonekana kabla, na mpango wa matibabu ukabadilika kwa 18.

Hao 31 walikuwa tayari wamechambuliwa na timu ya upasuaji wa kifafa. Mgonjwa wetu ambaye hajapimwa umeme wa ubongo, ambaye amejaribu dawa moja tu tena kwa kuruka siku, au ambaye MRI yake ilipigwa kwa vipande vinene na kusomwa na mtu asiyeambiwa degedege huanzia mkono upi, hana cha kufuata Ulaya kwa sasa. Naomba familia iulize hayo matatu kabla ya kuuza shamba. Mwenye chuma mwilini, kama vile sahani ya mfupa, aulize pia la nne, kwa kuwa kifaa kilichokubalika kwenye tesla 3 kinaweza kukataliwa mlangoni kwenye tesla 7.

Mpiga picha za tiba,
Dodoma