Kufuta jina hakufichi uso wa mgonjwa

Mhariri,

Mtafiti anapoomba picha za MRI za ubongo (zinazopigwa kwa mashine ya sumaku) kutoka hospitali za Nairobi ili aifunze programu ya akili unde kutambua mapema Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huambiwa afute majina. Naziomba kamati za maadili zisiridhike na hilo.

MRI hupiga kichwa kizima, pua na midomo ikiwemo, na kompyuta inaweza kuiunda upya sura. Mwaka wa 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walilijaribu jambo hili kwa watu 84 waliojitolea. Programu ya kutambua nyuso iliwapata 70 kwa chaguo la kwanza.

Basi kabla faili haijatoka hospitalini, maelezo yaliyojificha ndani yake yafutwe: jina, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya mgonjwa. Orodha inayoonyesha nani ni nani ibaki hospitalini, imefungiwa. Kisha uso ukatwe kwa programu ya kazi hiyo. Hapo pana hatari, kwani ikikata kupita kiasi humega ubongo wa mbele na vipimo vyote vinapotoka. Lazima mtu azikague picha kwa macho yake.

Linaloniumiza zaidi ni namna tunavyoamua nani aandikwe mgonjwa. Kipimo cha MMSE, maswali ya kupima kumbukumbu na akili, kina alama 30. Mzee huambiwa atoe 7 kwenye 100, aendelee kutoa 7 mara tano, aandike sentensi, anakili mchoro. Nyanya ambaye hakupata kusoma huanguka hapo ilhali akili yake ni timamu. Tukimwandika mgonjwa, tumeifundisha kompyuta kuuona ubongo usio na kasoro kuwa mbovu, na makosa yetu itayarudia kwa kila atakayefanana naye. Afadhali daktari amhoji kwa lugha yake, na jamaa anayeishi naye aulizwe kama bado anahesabu chenji na kupika mwenyewe.

Tena, kichwa kimoja hutoa vipande vya picha zaidi ya 100. Vikichanganywa ovyo, vya mtu mmoja huingia kwenye mafunzo ya programu na kwenye mtihani wa kuipima pia. Programu humtambua mtu badala ya ugonjwa, ikasifiwa bure. Wagawanywe wagonjwa kwanza, vipande baadaye.

Limebaki suala la ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuiondoa wakati wowote, lakini programu iliyokwisha kufunzwa haisahau kwa urahisi. Fomu iseme wazi, kwa Kiswahili au lugha ya mama, mafunzo yataanza lini na ni nini hakitaweza kurudishwa baada ya siku hiyo. Na kwa kuwa ugonjwa huu hula kumbukumbu, mgonjwa ataje mapema, angali na uwezo, ni nani katika jamaa zake atakayeulizwa kwa niaba yake.

Mtaalamu wa data za afya,
Nairobi