Menholi si za kuchekea, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sijawahi kukuandikia, hata ile siku mlichapisha matokeo ya Gor na AFC mkiwa mmeyageuza nilinyamaza, nikasema ni uchovu. Lakini ile makala ya ukurasa wa michezo wikendi iliyopita, ile ya magari ya langalanga, yaani Formula 1, kukimbia kwa barabara za mjini, hiyo siwezi.

Unaikumbuka. Mwandishi wako alianza poa na Monaco, vile wanafunga barabara za kawaida, wanapanga vyuma pembeni, magari yanazunguka mara 78 kwa njia ya kilomita 3.337, halafu resi ikiisha vyuma vinatolewa na watu wanarudi kupita hapo na shopping zao. Sawa. Akaenda Las Vegas 2023, ile siku ya mazoezi Ferrari ya dereva Carlos Sainz iligonga kifuniko cha menholi na kila kitu kikasimama hata dakika kumi hazijaisha. Hapo ndipo alinichemsha. Ati kumbe hata Marekani kuna mashimo, basi Nakuru pia tuko tayari, si tumekuwa jiji tangu 2021, si mbio za magari za Safari Rally ziko hapa kwetu Naivasha, kilichobaki ni kufunga Kenyatta Avenue na kumpigia dereva Verstappen simu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, nashinda na vyuma kutwa, kwa hivyo wacha nimweleze kitu aliruka. Yale magari yanakaa chini kabisa na sakafu yake imetengenezwa ndio hewa ipite chini kwa kasi, presha ishuke, gari ivutwe kwa lami isipepee kwa kona. Ikipita juu ya kifuniko kimelegea inakinyonya kinatoka. Ndio maana kabla ya resi ya mjini vifuniko huchomelewa au kufungwa. Na kule Las Vegas FIA wenyewe, wale wasimamizi wa mbio, walisema ni zege ya kushika fremu iliachilia, yaani hapo ukimlaumu mtu wa kuchomelea utakuwa umemwonea. Hiyo tu ikamaliza Ferrari kuanzia chasi, injini mpaka betri, na bado Sainz akarudishwa nyuma nafasi 10 pale pa kuanzia resi juu ya kubadilisha betri ambayo hakuharibu yeye. (Kama mlitaka kicheko mngetaja Baku kule Azerbaijan 2019, dereva George Russell aligonga kifuniko vilevile, halafu kreni ya lori la kubeba gari yake ikagonga daraja, mafuta yakamwagikia gari.) Lakini sasa angalia walifanya nini Las Vegas. Walikagua njia yote, kilomita 6.2, wakarekebisha, na saa nane na nusu usiku uleule magari yakarudi barabarani. Mashabiki walikuwa washafukuzwa waende nyumbani, hiyo ni aibu yao nyingine, wenye tiketi ya siku hiyo moja wakapewa vocha ya dola 200 ya kununua kofia na fulana. Lakini shimo halikulala hivyo.

Njoo kwetu sasa. Mwaka jana nilikuwa napeleka geti kwa mteja, geti nzito ya milango miwili, na kwa sababu mwenye pikapu aliniitisha pesa ya harusi nikachukua mkokoteni. Giza limeshika, taa za barabara ni mapambo tu, na kwa kona moja ambayo siitaji kwa sababu wanaopita hapo wanaijua, kuna menholi haina kifuniko, msamaria mmoja alikuwa amesimamisha tawi la mti hapo ndio watu waone, lakini mbuzi walikuwa wameshakula majani yote ikabaki kijiti kama kiberiti. Gurudumu la kushoto likaingia lote, mkokoteni ukalala, geti ikateleza ikaenda kuchora mlango wa Probox ya watu, mwenyewe akatoka ameshika kiuno, kijana wa mkokoteni kuona hivyo akapotea, nikabaki mimi na geti na Probox na watu wanachukua video badala ya kusaidia kuinua. Nililipa rangi. Mteja naye akanikata pesa ati bawaba zimepinda. Nikasema haidhuru, nikatoa nondo zangu mwenyewe, nikakata, nikachomelea wavu, nikafunika hilo shimo na watu wakanishukuru. Wiki haikuisha. Kijana akaingia kwa kibanda changu na gunia, anauza nondo, namwambia mwaga nione, zinaanguka chini naangalia naona mshono wangu mwenyewe! Mshono wa mkono wako huwezi kuusahau. Alikuwa ananiuzia wavu wangu kwa kilo!

Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya skrepu, yaani vyuma chakavu, baada ya milingoti ya stima kuangushwa, na hiyo miezi kabla wafungue tena, vifuniko vya mtaani kwetu vilikaa. Sisemi mengine.

Na tukiwa hapo, hawa vijana wa Subaru. Rally ikiisha Naivasha kila mmoja anarudi Nakuru akijiona Ogier, yule bingwa wa rally, saa saba usiku egzosi inalia pa pa pa kama risasi, mtoto anaamka, mbwa wote wa mtaa wa Section 58 wanajibu. Ogier anakimbia njia imefungwa, ana helmeti, ana msomaji wa ramani pembeni na ndege juu ya kumchukua akianguka. Wewe umebeba nani? Msichana anakula chipsi. Kama ni resi ya barabarani mnataka tunayo tayari, na hatulipi kiingilio.

Pendekezo langu ni hili. Huyo mwandishi apewe chaki ya njano na tochi, aanze mtaa wa Shabab saa mbili usiku kwa miguu mpaka Section 58 akipitia mjini, kila menholi iko wazi aipige duara, halafu mchapishe orodha palepale mnapowekanga msimamo wa ligi ya Uingereza, barabara, mashimo, pointi. Na wanaohusika wasikimbilie kuchomelea, vile vifuniko vyetu ni chuma cha kasti, kile cha kumiminwa, ukikiunga na elektrodi ya kawaida kinapasuka kikipoa. Waweke vya zege, hivyo hakuna mtu wa skrepu atavibeba. Mwandishi akikosa tochi aje kwangu nitamkopesha, lakini aache kitambulisho.

Fundi wa mageti,
Nakuru