Kabla Hamjasema "Wa Kike" au "Wa Kiume": Barua kwa Wakunga na Wahudumu wa Afya ya Jamii wa Kigoma

Wanangu wa Ujiji, Mwanga, Gungu na Kibirizi, na ninyi wa vijiji vya ziwani kuanzia Kagunga hadi Kalya,

Marahaba. Nawaandikia kwa sababu ninyi mnaingia chumbani kabla ya wengine. Mkunga huitwa usiku, mhudumu wa afya hupita mchana na daftari lake, na mama mwenye binti wa miaka kumi na sita ambaye hajavunja ungo huwavuta pembeni ninyi kabla hajamwambia hata mumewe. Kwa hiyo ninyi ndio wa kwanza kumlinda huntha, yaani mtu aliyezaliwa na mwili ambao si rahisi kuuita wa kike au wa kiume, na ninyi pia mnaweza kuwa wa kwanza kumharibia. Mara nyingi kinachotofautisha ni neno moja lililosemwa kwa mtu asiyehusika, au neno moja lililochelewa kumfikia daktari.

Nasema huntha kwa kuwa ni neno la siku nyingi katika Kiswahili, na wasomi wa fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, wamelitumia karne kwa karne bila kebehi. Wengine siku hizi husema mtu mwenye jinsi tata, nalo ni sawa. Acheni "jinsi mbili", kwa sababu karibu hakuna anayezaliwa na viungo kamili vya pande zote mbili. Acheni kabisa "jike dume". Wala msichanganye huntha na hanithi. Hanithi ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, na watu wamelifanya tusi. Huntha amezaliwa na mwili ambao viungo, homoni au kromosomu zake (nyuzi za urithi ndani ya chembe za mwili) hazikufuata njia moja tuliyoizoea.

Mtoto akitoka, kila aliye nje ya pazia anauliza, "Mtoto gani?" Ukiona maungo ambayo huwezi kuyataja bila kusita, usikisie. Neno "wa kike" likishatoka mlangoni hufika sokoni kabla kondo la nyuma halijatoka, na siku ya kulirudisha mama ndiye atakayechekwa. Jibu hivi: "Kapata mtoto, analia vizuri, mpeni mama uji." Kisha kaa na baba na mama peke yao, useme kwa sauti yako ya kila siku: "Mtoto wenu ni mzima. Maungo yake hayajaonyesha wazi kwa macho kama ni wa kike au wa kiume. Watoto wa hivi wapo, na vipimo vipo. Tunakwenda hospitali leo." Duniani, takriban mtoto mmoja katika kila 4,500 huzaliwa na maungo yasiyotambulika wazi. Mkunga aliyezalisha miaka mingi ana kila sababu ya kumtarajia.

Mwangalie mara moja tu, kwenye mwanga mzuri. Tundu la mkojo liko kwenye ncha, chini yake, au kwenye msamba? Papasa taratibu kwenye mfuko na kwenye kinena: korodani zipo mbili, ipo moja, au hakuna? Njia ya haja kubwa ipo? Mpime uzito, uandike. Basi, mfunike. Usimwite jirani aje kuona, na usipige picha, hata ya kuomba ushauri kwenye kundi la WhatsApp. Picha hiyo itamkuta mtoto akiwa darasa la saba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watoto wanapokufa. Sababu inayoongoza ya mtoto mwenye kromosomu za kike kuzaliwa na maungo yenye sura ya kiume ni hitilafu ya tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo. Huwapata kama mmoja katika kila watoto 15,000. Tezi hizo zinashindwa kutengeneza homoni ya kotisoli, na kwa wengi wao pia ile inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo, huku zikimwaga homoni za kiume kupita kiasi. Mtoto huyu siku za mwanzo ananyonya na analia kama wenzake. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu chumvi inakwisha mwilini: anatapika, anaacha kunyonya, analegea, macho yanaingia ndani, uzito unashuka. Nyumbani wanasema degedege, au mchango, au jicho la mtu. Zahanati wanaweza kudhani ni maambukizi ya kawaida na kumpa dawa ya hayo, na mtoto akafa siku ya kumi na mbili hali matibabu yake yanajulikana.

Kwa hiyo yule mvulana ambaye uume wake unaonekana wa kawaida lakini korodani zote mbili hazipatikani ukipapasa, huyo naye ni wa kukimbizwa hospitali. Anaweza kuwa msichana mwenye hitilafu hiyo. Na mtoto yeyote mchanga ambaye kufikia siku ya kumi na nne hajarudia uzito wa kuzaliwa, tena anatapika, ulizeni kuhusu adrenali hata kama maungo yake hayana shaka, maana wavulana wenye hitilafu hii huzaliwa wakionekana sawa kabisa. Hospitali watapima sodiamu, potasiamu na sukari kwenye damu, na watamwangalia tumbo kwa altrasaundi kuona kama ana mji wa mimba. Akishaanguka atahitaji dripu ya chumvi na glukosi pamoja na sindano ya haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, bila kungoja majibu yote. Njiani mama aendelee kunyonyesha. Msimpe mitishamba.

Akitoka hospitali na vidonge, kazi yenu ndiyo inaanza. Haidrokotisoni ni ya maisha yote, mara nyingi mara tatu kwa siku, na haisimamishwi ghafla kwa sababu mtoto "amepona". Hapa kwetu malaria haituachi, na homa ndiyo inayowaua: mtoto akichemka, dozi huongezwa mara mbili hadi tatu kama daktari alivyoandika, na akitapika vidonge anarudishwa hospitali siku hiyohiyo kwa sindano. Kila mkipita nyumba hiyo, hesabuni vidonge vilivyobaki. Vikibaki vya wiki mbili, mama aanze safari ya kuchukua vingine.

Kuhusu jina na cheti, msiwaache wazazi wakimbizwe na maneno ya watu. Kuandikisha kizazi kuna siku tisini. Akika ikikuta siku ya saba majibu bado, ipo ya kumi na nne na ya ishirini na moja. Mshaurini mzazi achague jina linalobebwa na wote: Riziki, Bahati, Zawadi, Tumaini, Furaha. Jina la namna hiyo litamfaa mtoto hata kama mwili wake ukija kusema tofauti na ulivyodhaniwa, na hatalazimika kwenda kwa wakili kutafuta hati ya kubadili jina akiwa mtu mzima.

Kisu ni jambo jingine. Mtoto mwenye tundu la mkojo chini ya uume asitahiriwe, si kwa ngariba, si kwenye kambi ya tohara, si kituoni. Govi lake ndilo ngozi ambayo daktari wa upasuaji hulitumia kutengeneza njia ya mkojo, na likishatupwa halina mbadala mzuri. Mwambieni baba hivyo waziwazi, naye awajibu wazee wa ukoo kwa maneno mawili: "Daktari amekataza." Korodani ambazo hazijashuka huangaliwa tena akiwa na miezi sita, zikiwa bado, aonwe na daktari wa upasuaji, kwa kuwa kuzichelewesha kunapunguza uwezo wa kuzaa na kuongeza hatari ya saratani.

Lakini kukata au kupunguza maungo ili tu "yafanane na ya wenzake" ni jambo la kungoja. Kama mkojo unatoka bila shida, mtoto hana kinachomkimbiza. Upasuaji wa namna hiyo huacha makovu, huua hisia, wakati mwingine huondoa uwezo wa kuzaa, na si mara moja umemfanya msichana mtu ambaye baadaye alijijua ni mvulana. Aliyekatwa hawezi kurudishiwa. Jirani zetu Kenya waliliona hilo: katika sensa ya 2019 waliwahesabu huntha na kupata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtambua mtoto huntha na kuzuia asifanyiwe upasuaji usiohitajika kiafya. Mwaka 2023 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ilipitisha azimio la kuwalinda huntha barani kote. Wazazi wakiambiwa mahali popote kwamba upasuaji ni lazima, waulize: akiachwa mpaka aweze kujisemea mwenyewe, atadhurika nini? Wana haki ya kupata jibu.

Huntha wengi hawajulikani siku ya kuzaliwa. Wanajitokeza ujanani, na hapo ndipo huchapwa, huozwa haraka au hupelekwa kwa mganga. Binti aliyeota matiti na hajaona hedhi mpaka miaka kumi na tano aende hospitali. Anaweza kuwa na kromosomu za kiume katika mwili usioitikia homoni za kiume. Vivimbe viwili kwenye kinena cha msichana mara nyingi huitwa ngiri na kupasuliwa kama ngiri, kumbe ni korodani. Kijana anayekojoa damu hupewa dawa ya kichocho, na ni sawa kuanza hapo, lakini damu ikirudi kila mwezi siku zilezile ulizeni kama ana mji wa mimba. Binti anayevunja sauti na kuota ndevu hakurogwa. Huenda mwili wake ulikuwa na chanzo cha homoni hizo tangu tumboni. Msimpangie awe nani. Mpeni maelezo, mumsikilize, mumwache aseme.

Shuleni, hasa bweni, mwalimu mmoja tu anatosha kujua, naye awe yule ambaye mtoto mwenyewe amemchagua. Anachohitaji ni bafu lenye komeo na saa ya kuoga peke yake.

Sasa wale waliobadili jinsia, wanaoitwa transijenda. Wasichanganywe na huntha, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili. Huyu mara nyingi mwili wake ulizaliwa bila utata, lakini anajijua kuwa wa jinsia nyingine, na wengi hulijua hilo wangali wadogo. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye orodha ya magonjwa ya akili katika toleo lake lililoanza kutumika mwaka 2022. Maombi ya kufungiwa ndani, kipigo na ndoa ya kulazimishwa havijambadilisha mtu. Vimewafanya wengi kuhama mji, na wengine kujidhuru.

Kiswahili kimetupa fadhila hapa: "yeye" wetu hana uke wala ume. Kinachouma ni dada, kaka, bibi, babu. Muulize faraghani, "Nikuiteje?", na uulize pia, "Nikuiteje mbele za watu?", kwa kuwa majibu yanaweza kutofautiana, na yote mawili yaheshimiwe. Jina analotaka kuitwa chumbani likitajwa kwenye foleni linaweza kumpotezea chumba cha kupanga, kazi, hata meno. Kituoni mwiteni kwa namba ya faili. Usimuulize habari za maungo yake kama amekuja na kikohozi. Usimpeleke kwa mwenzako "aje amwone". Na msimweleze mtu mwingine yeyote, hata mchungaji au shehe wa familia, mpaka yeye mwenyewe akubali. Kuna watu wanaodhani kila transijenda au huntha ni mvunja sheria, wakachanganya mwili na tendo. Neno lako la ovyo linaweza kumpeleka polisi mtu ambaye hakutenda lolote.

Muulizeni kwa upole kama anameza au kujichoma kitu. Wapo wanaomeza vidonge vya uzazi wa mpango vingi kwa mkupuo ili wapate matiti. Vidonge hivyo huongeza hatari ya damu kuganda, zaidi kwa anayevuta sigara. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukata ghafla, hiyo ni dharura, na daktari aambiwe alichomeza. Anayejifunga kifua asitumie bandeji ya kuvutika, kwa kuwa hukaza kadiri anavyopumua na huweza kuvunja ubavu. Avae fulana ya kubana, kwa muda usiozidi saa nane, na asilale nayo. Sindano isishirikiwe na mtu.

Kwa wale wa msikitini: masheikh wanajua kwamba fiqhi ina mlango wake wa huntha, katika mirathi, katika swala, hata katika kuosha maiti. Msikubali mtu aseme dini haimjui. Kwa wa kanisani, Mathayo 19:12 inataja matowashi waliozaliwa hivyo tangu tumboni mwa mama zao. Na kwa sababu siri ya wengi wao hufichuliwa siku ya kifo, familia ikubaliane mapema ni ndugu gani atakayemwosha, na amwoshe akiwa amefunikwa nguo.

La mwisho ni safari. Anayetoka Kalya hawezi kungoja boti ya kesho kutwa mtoto akishaanza kutapika, kwa hiyo mtoto mwenye maungo yasiyo wazi aondoke siku aliyozaliwa, angali ananyonya. Kikoba cha kina mama kitenge nauli ya mtoto mchanga, na anayeidhinisha asiambiwe zaidi ya "mtoto ana rufaa". Kutoka zahanati aende hospitali ya mkoa ya Maweni, na ikibidi hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwenye karatasi ya rufaa msiandike "jinsi mbili" wala "hajulikani". Andikeni: "Maungo ya uzazi hayatambuliki wazi. Korodani hazipapasiki" au "inapapasika moja, upande wa kulia". Tarehe na saa ya kuzaliwa. Uzito wa kuzaliwa na wa leo. Ametapika au hajatapika. "Tunaomba apimwe sodiamu, potasiamu na sukari leo." Ikunjeni, mtie ndani ya bahasha, muifunge kwa gundi, mumkabidhi mama mkononi.

Bibi yenu,
mkunga mstaafu, Ujiji