Tiketi iandikwe pia masaa ya angani

Mhariri, naomba kanafasi kadogo gazetini maana hili jambo limenikaa rohoni tangu Desemba.

Kijana wa dada yangu alikuwa anaenda New York, dairekti kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ndege inatoka saa 6 usiku. Mama yangu akaomba asomewe tiketi, akaambiwa kufika ni saa 1 asubuhi. Basi akahesabu kwa vidole, masaa 7, akasema aah si mbali hivyo, akalala. Saa 1 asubuhi yuko kwa meza na simu, anapiga, mteja hapatikani. Saa 3 hapatikani, saa 5 hapatikani, chai imepoa hapo mbele yake na majirani wameshaanza kuja kuuliza kulikoni, mpaka mmoja akasema tuwashe redio tusikie kama kuna ndege imepotea (huyo naye!). Kijana alipiga saa 9 na nusu alasiri anacheka, ndio ameshuka.

Shida ni kwamba ile saa 1 ni ya New York. Wao wako nyuma yetu masaa 8 wakati wa baridi, na 7 kuanzia Machi wakishasogeza saa zao. Safari yenyewe ni masaa karibu 15, na tangu Kenya Airways ianze hiyo ruti Oktoba 2018 imekuwa hivyo, lakini tiketi tuliyopewa na ajenti ilikuwa na saa ya kutoka na saa ya kufika tu, basi.

Na usidhani intaneti itakuokoa. Ukitafuta umbali unaambiwa kama kilomita 11,800, ukigawa kwa spidi ya 900 unapata masaa 13 na kitu, ukweli hauko hapo pia. Ile kilomita ni kama uvute uzi juu ya mpira kutoka Nairobi hadi New York, ndege haifuati uzi hivyo hivyo, halafu huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni. Ndio maana kurudi ni kama masaa 14.

Kwa hivyo ombi langu kwa maajenti, na nyinyi magazeti pia mkiandika habari za ndege, wekeni masaa ya angani na mseme saa ya kufika ni ya wapi, tena muweke na saa yetu ya Nairobi kando yake. Ni mstari mmoja tu.

Kijana anarudi Februari. Tiketi inasema anatoka saa 6 mchana, anafika saa 4 asubuhi kesho yake, na mama ameshaniuliza mara mbili mbona kurudi ni masaa 22, ama ndege itapitia kwingine.

Msomaji wenu,
Nakuru