Barua kwa mdogo wangu: chai nusu kikombe

Mdogo wangu,

Mama kaniambia tangu urudi hospitali hutoki chumbani na simu hupokei. Basi nakuandikia hapa hadharani, jina lako silitaji. Najua Moshi hii ziko nyumba nyingi zenye mlango kama wako.

Unakumbuka nilivyoitwa "katoka Mirembe"? Mirembe yenyewe, hospitali ya wagonjwa wa akili, sijawahi kuiona, iko Dodoma huko.

Jumamosi ya kwanza nilipopelekwa kwenye kile chumba cha nyuma ya kanisa kule Pasua, nilijua ni maombi mengine. Nikakuta watu saba, kila mmoja na daftari lake, na mwalimu wao ni fundi cherehani aliyelazwa mara tatu kwa ugonjwa huu huu wetu. Alikuwa anagawa chai. Wenzangu aliwajazia, mimi akanimiminia nusu kikombe, akapita. Hakuuliza kitu. Wakati ule mikono ilikuwa inatetemeka kwa sababu ya dawa, na nyumbani nilishaacha kunywa chai mbele ya wageni. Baadaye akaninong'oneza, "Mimi nilimwagia kitenge cha mteja." Akanielekeza nikamwambie muuguzi, maana dozi huweza kupunguzwa au ukaongezewa kidonge cha kutuliza mtetemo. Miezi minne nilikuwa nakwenda kliniki na hilo sikulijua. Sikuuliza, na wao foleni imewazidi.

Dawa usiache. Fundi aliziacha alipojiona mzima, na yaliyofuata anayasimulia bila kuficha: usingizi ukakata, akaenda sokoni Mbuyuni kugawa bure vitambaa vyote vya wateja. Tunacheka, naye anacheka, halafu anageuka: "Haya, nyie dalili yenu ya kwanza ni ipi?" Yangu ni kufua usiku. Nimeiandika kwenye daftari langu, na nakala anayo Mama. Akinisikia na beseni saa nane za usiku, anajua ampigie nani.

Mpango huo wa daftari hatukuutunga sisi. Ulianzia Vermont, Marekani, mwaka 1997, ukiitwa WRAP, yaani mpango mtu anaojiandikia mwenyewe wa kupona na kubaki mzima, kazi ya Mary Ellen Copeland na wenzake ambao wenyewe walishaugua. Ukurasa wa kwanza hautaji ugonjwa: unaandika wewe ukiwa mzima unakuwaje. Nilikaa na karatasi tupu Jumamosi mbili! Na usiniambie hayo ni mambo ya Wazungu. Dar es Salaam na Kampala walioumwa wamepewa mafunzo ya kuwasaidia wenzao kupitia mradi wa UPSIDES, sawa na wa Pune, India, na Hamburg, Ujerumani.

Fundi si daktari, na maneno anayo mengi. Siku nyingine kikao chote kinaishia kwenye bei ya vitambaa. Lakini mtu akikuuliza "miezi yote hii ulikuwa wapi?", unamjibu nini? Daktari gani utamuuliza hilo? Sisi tunalifanyia mazoezi. Mmoja anajifanya shangazi mbea, na wallahi yupo mzee mmoja anaiweza hiyo nafasi kuliko mashangazi zetu wote.

Jumamosi saa nne asubuhi. Nitakusubiri kituoni Pasua, upande wa wauza ndizi. Usipotaka kuongea, huongei. Ukishindwa kuja, Jumapili napita kwa Mama kuchukua dumu langu. Nitagonga na kwako.

Dada yako