Graziani hakuhukumiwa kwa damu ya Waafrika

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu majenerali wa Vita Kuu ya Pili. Rodolfo Graziani wa Italia amepewa aya moja tu: kwamba kati ya Desemba 1940 na Februari 1941 Waingereza walilisambaratisha jeshi lake kutoka Misri hadi ndani ya Libya, wakateka askari wapatao 130,000. Ni kweli. Lakini mimi ni mwalimu wa historia, na siwezi kukubali mtu huyu akumbukwe kwa kushindwa vita peke yake.

Jina alilijengea Libya. Kuanzia 1930, ili kuwavunja nguvu wapiganaji wa Cyrenaica, mashariki mwa Libya, waliopinga utawala wa Italia, watu wapatao 100,000 walihamishwa pamoja na mifugo yao na kufungiwa kwenye kambi za jangwani. Wengi hawakutoka hai. Mpakani mwa Misri akasimamisha uzio wa seng'enge wa kilomita 270 hivi, chakula na risasi visipite. Tarehe 16 Septemba 1931 Omar al-Mukhtar, kiongozi wa wapiganaji hao, mzee aliyepita miaka 70, mwalimu wa Kurani, alinyongwa Soluch mbele ya watu wake waliokusanywa washuhudie.

Mwaka 1935 aliongoza mashambulizi dhidi ya Ethiopia kutokea Somalia, na ndege zake zilimwaga gesi ya sumu. Mwaka uliofuata akawa mtawala mkuu mjini Addis Ababa. Tarehe 19 Februari 1937 alikuwa akigawa sadaka kwa maskini pale ikulu, vijana wawili, Abraha Deboch na Moges Asgedom, wakamrushia maguruneti. Alijeruhiwa, hakufa. Kwa siku tatu Waitaliano waliua watu mitaani na kuchoma nyumba zikiwa na watu ndani. Waethiopia wanahesabu wafu 30,000. Hata wanahistoria wanaotaja idadi ndogo zaidi wanazungumzia maelfu.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilifundisha sauti hunikwama. Baada ya hapo aliamuru wapiga ramli na waimbaji wa kuzunguka wakamatwe na kuuawa. Kosa lao lilikuwa kuwaambia watu kwamba utawala wa Mtaliano hautadumu. Sisi tuliolelewa na mashairi na tungo za malenga tunajua ni kitu gani hasa alichotaka kukizima. Mwezi Mei ikafuata monasteri ya Debre Libanos. Yeye mwenyewe aliripoti Roma kuwa watawa 297 wamepigwa risasi; uchunguzi wa baadaye umeonyesha waliouawa walikuwa wengi zaidi ya hao.

Sasa tazama hukumu. Mwaka 1948 tume ya Umoja wa Mataifa ya uhalifu wa kivita ilikubali kwamba Ethiopia ina hoja ya kumshtaki, yeye na Pietro Badoglio, jenerali mwenzake katika vita vya Ethiopia, miongoni mwa wengine. Hakuna aliyepelekwa kujibu. Mahakama ya Italia ilimpa kifungo cha miaka 19 mwaka 1950, tena kwa kushirikiana na Wajerumani alipokuwa waziri wa ulinzi wa dikteta Mussolini, katika serikali yake ya kaskazini mwa Italia iliyolindwa na Wajerumani hao. Afrika haikuwamo katika hukumu hiyo. Alikaa ndani miezi michache tu baada ya hukumu, akafa kitandani 1955. Mwaka 2012 mji wa Affile alikozikwa ulimjengea mnara wa kumbukumbu kwa fedha za umma, ukaandikwa maneno "Taifa" na "Heshima".

Naandika kutoka Taveta. Waethiopia waliomkimbia Mtaliano waliwekwa kambini Isiolo, kisha hapa kwetu, na wanafunzi wangu wanapita kila siku kwenye ardhi hiyo bila kujua.

Ombi langu, Mhariri, ni hili: tarehe 19 Februari ijayo tupeni ukurasa mmoja. Uanze na Abraha na Moges, na majina ya waliouawa yanayojulikana. Graziani atajwe baada yao.

Mwalimu wa Historia,
Taveta