Babu na mjukuu wasiruke trampolini moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu trampolini, yale maturubai ya kurukia yaliyovutwa kwa springi kwenye fremu ya chuma, zinazokodishwa kwa watoto, hasa msimu wa sikukuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Tandika. Riziki yangu ni mageti na madirisha, lakini siku hizi naletewa pia fremu za trampolini zilizopinda.

Kabla ya Idd nililetewa moja ya mviringo. Springi kumi na mbili hazikuwepo, zote upande mmoja, na mwenyewe alikuwa ameziba mapengo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hiyo peke yake ni balaa: mtoto akitua katikati, upande wa springi unavuta, upande wa tyubu unalegea, anarushwa mshazari kuelekea kwenye chuma. Nikabadilisha springi zote, maana iliyochoka haivuti sawa na mpya. Mteja alinung'unika, akalipa.

Kisha nikafanya ujinga wangu. Nilipanda kuijaribu, mjukuu wangu wa miaka mitano akadandia, nami sikumshusha. Mimi nina kilo 90, yeye 18. Kwenye mruko wa tatu au wa nne nilitua kwanza, turubai likazama, springi zikavutika. Naanza kuinuka, yeye ndiyo kwanza anatua. Yeye anashuka, turubai linapanda. Lilimtupa kama punda aliyepiga teke. Akavuka ukingo, akaangukia mkono, ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Alifungwa plasta ngumu (P.O.P) wiki nne. Mama yake hajanisamehe sawasawa mpaka leo.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Uzito wangu ni wake mara tano. Nikishuka nusu mita, nguvu ninayoiacha kwenye springi inatosha kumwinua yeye mita mbili na nusu. Haimfikii yote, nyingine inanirudia mimi, nyingine inapotelea kwenye turubai na vyuma. Lakini hata ikimfikia nusu tu, ni mita moja na robo, na yeye mwenyewe hafiki kimo hicho.

Wenye biashara huniambia, "Fundi, si uweke springi ngumu tu." Haisaidii. Nimening'iniza springi moja karakanani nikaipakia vipande vya nondo: ikishaanza kufunguka, kila kilo unayoongeza inairefusha kiasi kile kile. Ukiweka ngumu za kumfaa mtu mzima, mtoto wa kilo 15 hazifungui, anaruka kama yuko kwenye sakafu ya saruji. Ukiweka laini za kumfaa mtoto, mtu wa kilo zangu anagusa udongo. Hakuna springi ya kuwafaa wote wawili kwa pamoja, na mimi ndiye ninayeziuza.

Ombi langu kwa wanaokodisha: aruke mmoja mmoja. Najua mtasema hasara. Punguzeni dakika, mtoto akiruka peke yake dakika tatu anashuka hoi, na foleni inatembea. Na mkichagua nani apande trampolini ipi, pangeni kwa uzito, si kwa umri, kwa sababu kuna wa miaka minane mwenye kilo 40 na wa miaka minane mwenye kilo 20. Mizani si kitu cha kutafuta kwa tochi, vijana wanazunguka nazo kila kituo cha daladala. Na mzazi anayetaka kupanda amshike mwanawe mkono ashuke kwanza. Yule mdogo hashikiki akiwa hewani, nimejaribu.

Trampolini ile bado iko uani kwangu. Springi zimekamilika, fremu imenyooka, rangi imekauka. Mwenyewe amekuja mara mbili kuichukua, nimemwambia arudi na mizani.

Fundi wa kuchomelea,
Tandika, Dar es Salaam